Sura ya Sita: Mtani Aliyeondoka Bila Kudai

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazamana na choo cha mahabusu. Inspekta Fidelis Komba alilifunga, akavuta kiti, akafungua jalada.

"Jina lako."

"Unalijua, afande. Jana umeliandika mara tatu."

"Jina lako."

"Nasra Salumu."

"Kazi."

"Napika uji na vitumbua, Bigwa. Mchele niliouloweka Jumanne umeshaoza ndani ya ndoo. Andika na hilo."

Fidelis hakuliandika. Alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka tisa alikuwa mpangaji katika nyumba ya Mzee Hashimu Kibwana. Miwili ya mwisho alimwogesha na kumlisha mzee huyo, ambaye hakuwa mzazi wake wala ndugu yake. Mzee alifariki Jumanne usiku kitandani mwake. Daktari aliandika shinikizo la damu, na hakuna aliyelibishia jambo hilo. Alizikwa Jumatano alasiri. Jioni ile ile mpwa wake, Ahmadi, alifungua sanduku la mbao la marehemu akakuta santuri haimo. Alhamisi asubuhi aliripoti polisi. Alhamisi mchana Nasra akawekwa ndani.

Ilikuwa santuri ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande. Ilirekodiwa mwaka 1968 na bendi iliyoitwa Mindu Jazz, ambayo haikudumu hata miaka minne. Upande wa kwanza ulikuwa na "Asia Vua Viatu", wimbo wa kuchangamka ambao mwaka huu vijana waliufufua wakawa wanauchezea kwenye simu zao, na kila baa ya mjini ikaupiga. Wote walitumia nakala ya nakala, iliyotokana na kanda ya kaseti ya mtu fulani. Santuri yenyewe, kwa kadiri ilivyojulikana, ilibaki moja, na bei yake Dar es Salaam ilitosha kununua pikipiki mpya.

"Nani alikuwa na ufunguo wa sanduku?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Unajua jibu hilo linakupeleka wapi?"

"Limeshanifikisha. Si niko hapa?"

"Ulilifungua lini mara ya mwisho?"

"Jumatano asubuhi. Sanda yake ilikuwa humo. Aliinunua mwenyewe miaka mitano iliyopita, akaiweka na ubani na marashi, asije akamsumbua mtu. Waoshaji walipofika wakaitaka. Nikafungua. Santuri ilikuwa juu ya sanda. Nikaiweka kando, nikatoa sanda, nikairudisha."

"Ukafunga?"

"Sikumbuki. Walikuwa wananiita, maji yanapoa. Naona sikufunga."

"Nani aliingia chumbani baada ya hapo?"

"Msiba ule, afande! Waliingia wazee, waliingia akina mama. Watani ndio usiseme, hao waliingia na kutoka kama kwao."

"Walibeba nini?"

"Kinu. Ndoo. Bakora yake. Kandambili ya kushoto. Vyote vilirudi. Tuliwapa mia mbili mia mbili, wakarudisha huku wanatutukana. Ndio kazi yao."

"Marehemu aligombana na mtu?"

"Yule? Yule alipuliza saksofoni kwenye wimbo ule, halafu akakaa miaka hamsini anamsikia mtu mwingine akisifiwa redioni. Kesho Mzee Mansuri wa Kihonda anapewa tuzo kwa saksofoni ya 'Asia Vua Viatu'. Nilimwambia mzee, nenda ukakatae, mimi nitakubeba. Akaniambia, 'Mwache ale. Yeye ana watoto saba, mimi sina hata mmoja.'"

Fidelis aliandika jina la Mansuri pembeni mwa karatasi. Mlango ukafunguliwa na Koplo Ester akaingiza kichwa.

"Afande, mkuu wa kituo anauliza jalada. Gari la mahabusu linaondoka saa nane kamili. Leo Ijumaa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Nasra akipelekwa mahakamani saa nane atahitaji wadhamini wawili, na ndugu zake wote wako Kisaki. Angelala gerezani mpaka Jumatatu, na baada ya Jumatatu hakuna aliyejua. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

"Afande," alisema Nasra, Fidelis alipokuwa anasimama. "Kama ni kufungwa nifungwe. Lakini nisiandikwe kwamba nilimwibia yule mzee."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa Bigwa juu, mahali barabara inapoacha kuwa barabara ikawa njia ya maji ya mvua. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani nje, na doa lake katikati likiwatazama wapita njia. Lilinuka mkojo na dawa. Wazee watatu walikaa mkekani na tasbihi zao. Hatua nne kutoka kwao, fundi seremala alikuwa anafungua kitanda cha marehemu vipande vipande. Ahmadi alisimama juu yake akila paja la kuku.

"Afande, karibu! Mwizi si mnaye? Au ameshasema alikoiuza?"

"Kitanda hiki kinakwenda wapi?"

"Kimepata mtu. Mninga huo, afande, sio mbao za siku hizi." Alijifuta mafuta kwa pazia la mlango. "Mimi ndiye mtoto wa dada yake. Kwa mila za hapa, vyote ni vyangu. Waulize wazee hao."

Wazee hawakuulizwa. Waliinamisha vichwa.

"Ulikuja kumtazama mara ngapi alipokuwa mgonjwa?"

"Kazi za Dar, afande, unazijua mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Nilikuwa namtumia meseji."

"Alikuwa na simu?"

Ahmadi alitafuna, akameza. "Hapana. Simu hakuwa nayo."

Fidelis alimpita akaingia chumbani. Sanduku lilikuwa sakafuni, kitasa chake kizima, hakuna mkwaruzo wa bisibisi wala nondo. Juu ya meza ililala saksofoni. Shaba yake ilikuwa imegeuka kijani kwenye maungio, lakini vibonyezo vyote vilikuwepo.

"Hii ingeuzika?"

"Mwalimu wa bendi ya kanisa amefika laki tisa leo asubuhi. Nasubiri afike milioni."

"Siku ya msiba ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo, juu ya meza. Watani waliichezea nje, ikarudi."

"Kwa hiyo mwizi aliingia humu, akaipita milioni moja iliyo wazi mezani, akainama kufungua sanduku."

"Nasra huyo! Angeitoaje saksofoni asionekane? Santuri unaficha kwenye khanga."

Jibu halikuwa baya, na Fidelis alichukia kwamba limetoka kinywani mwa mtu yule. "Nani aliichezea saksofoni nje?"

"Mtani mmoja. Ninayo hapa." Ahmadi alitoa simu. "Nilirekodi msiba wote. Niliweka kwenye stetasi, watu mia tatu wametazama. Wengine wamecheka mpaka basi."

"Ulirekodi msiba wa mjomba wako ukaweka stetasi."

"Kumuenzi, afande."

Fidelis alichukua simu kwa vidole viwili, maana kioo kilikuwa na mafuta ya kuku. Picha ilikuwa na mtikisiko lakini ilionekana vizuri. Jeneza halijatoka. Watani wanapita huku na huku wakimwigiza marehemu: mmoja anakohoa kama yeye, mwingine anachechemea kwa bakora yake. Kisha anatokea mtu mrefu, amevaa koti la marehemu na kofia yake, uso wote umepakwa unga wa muhogo. Anabeba saksofoni. Waombolezaji wanaanza kucheka kabla hajafanya kitu.

Mtu yule alivuta ukanda akauvaa shingoni. Akatia mdomo wa saksofoni kinywani, akautuliza ulimini kwa muda wa pumzi mbili tatu, akiwa kimya. Ndipo akapuliza. Ulitoka mlio wa mbuzi anayechinjwa, na watu wakaanguka kwa kicheko. Alipuliza tena, akacheza miguu ya mlevi, akainama akailaza saksofoni mkekani, vibonyezo vikitazama juu. Halafu akaingia ndani. Alipotoka aliichukua tena saksofoni, akairudisha ndani, akatoka mikono mitupu, mkono mmoja ameubana ubavuni. Hakusimama. Alipita nyuma ya choo, na picha ikahamia kwa akina mama.

Fidelis aliirudia mara nne.

"Huyu ni nani?"

"Mtani."

"Jina lake."

"Afande, mtani haulizwi jina. Ukimuuliza anakutukana mama yako, na wewe unatakiwa ucheke."

"Mlimlipa ngapi?"

Ahmadi alifikiri. "Huyo hakudai."

"Hii simu naiandika kama kielelezo. Utaletewa risiti."

"Simu yangu? Afande, kesho nina shughuli! Mzee Mansuri kanialika meza kuu kwa heshima ya marehemu, nitapigaje picha?"

"Nitumie hiyo video basi, mbele yangu, sasa hivi. Na usiifute."

Alitumiwa. Alipokuwa anatoka, seremala alikuwa ameshafunga mbao za kitanda kwa kamba, na mzee mmoja wa mkekani alitema mate pembeni, taratibu, kuelekea upande aliosimama Ahmadi.

*

Kiongozi wa watani siku ile alikuwa Bi Zuleha, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Fidelis na Koplo Ester walimkuta nyuma ya nyumba yake amekaa juu ya kigoda, anachambua pilipili manga juu ya jamvi.

"Shikamoo, bibi," alisema Koplo Ester.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mnene ndiye bwana wako? Pole."

"Ni mkubwa wangu wa kazi, bibi."

"Pole mara mbili."

Fidelis alimwamkia, akakaa juu ya gogo. "Bibi, mimi ni mtu wa Songea. Utani naujua wa kwetu. Nieleze wa hapa."

"Hauna maelezo. Ukoo wetu na ukoo wa Hashimu ni watani tangu mababu. Akifa mtu wao, sisi tunapika, tunachimba, tunachota maji, na tunawatukana ili wasilie wakafa na wao. Tunabeba vitu vyao. Wakitaka vyao, watoe chochote. Hata mia. Hata ndizi. Lakini watoe."

"Na mkibeba kitu, mnakificha?"

Bibi alicheka mpaka pilipili zikamwagika. "Nikifiche, halafu utani uko wapi? Nilibeba kandambili ya Hashimu nikaitia kichwani, nikazunguka nayo nyumba mara tatu nikipiga kelele, 'Nimeiba! Mimi mwizi! Mnanifanya nini?' Mtani lazima aonekane."

Fidelis alimpa simu yake. Bi Zuleha aliishika mbali na macho, akatazama kwa utulivu.

"Huyu. Huyu alituchekesha sana."

"Ni nani?"

"Ni wa wale wenzetu wa Kinole. Walishuka asubuhi na gari la ndizi, watu kumi na wawili."

"Una hakika?"

"Wa hapa Bigwa nawajua wote. Simjui, basi ni wa Kinole."

Ester alikuwa ameshapiga namba ya kijana wa Kinole aliyeorodheshwa kwenye jalada kama shahidi. Aliweka simu iongee kwa sauti. Fidelis alijitambulisha, akamtumia picha, akasubiri.

"Nimemwona, afande," ilijibu simu. "Huyo si wetu. Huyo ni wa Bi Zuleha, wa hapo hapo Bigwa."

Mikono ya Bi Zuleha iliacha kuchambua.

"Yeye anasema ni wenu," alisema Fidelis taratibu. "Nyie mnasema ni wake. Alitoka ndani amebana ubavu, hakudai hata ndizi, akaondoka. Watu sitini walimwona na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, kwa sababu mtani haulizwi."

"Astaghafirullah," alisema bibi. Kisha akasema maneno mengine ambayo Ester alijifanya hakuyasikia. "Amevaa utani wetu kama kanzu ya kuazima!"

"Tazama tena, bibi. Mikono tu."

Fidelis aliisimamisha picha pale mtu yule alipokuwa anavaa ukanda. "Wewe nikikupa saksofoni umwigize marehemu, utauvaa ukanda?"

"Sijui hata kama ina ukanda."

"Utaipuliza vipi?"

"Nitaitia mdomoni nipulize."

"Na haitalia. Mtu ambaye hajaishika maishani anapuliza upepo mtupu. Kwenye mdomo wa saksofoni kuna kibanzi cha mwanzi, kikiwa kikavu hakitetemeki. Huyu alikilowanisha kwanza ulimini, na alisubiri kilowane. Hakuwa anafikiri. Ni mazoea ya mikono na ulimi. Na alipoilaza chini, aliilaza vibonyezo juu visipinde. Anaiheshimu saksofoni. Hakuiiba kwa sababu anayo ya kwake. Alichokitaka ni santuri, wala si kwa kuiuza, maana anayeuza angebeba vyote viwili."

"Kwa nini basi?" aliuliza Ester.

"Katikati ya santuri za zamani kuna karatasi ya duara. Wakati mwingine waliandika majina ya wapigaji. Kaseti haina karatasi ile."

Bi Zuleha alisimama, akakung'uta khanga. "Mansuri," alisema. "Lakini haiwezekani. Mansuri alituma kilo mbili za sukari na salamu kwamba mguu haumruhusu kutoka."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu Mansuri na Hashimu ni ukoo mmoja! Mama zao walitoka tumbo moja. Yeye ni mfiwa. Mahali pake palikuwa mkekani, alie. Ndugu hamwigizi maiti wake, mwanangu. Hilo halijawahi kutokea."

"Utakuja nasi Kihonda?"

Alikuwa ameshaingia kwenye gari, kiti cha mbele.

*

Ilikuwa saa sita kasorobo walipofika Kihonda. Ukuta wa nyumba ya Mansuri ulibandikwa tangazo kubwa lenye picha yake akiwa na saksofoni, na maneno "Baba wa Asia Vua Viatu" kwa rangi nyekundu. Fidelis hakuwa na haja ya kubisha. Harufu ya plastiki inayoungua ilitoka uani, nzito, ya kukamata koo.

Mzee Mansuri alikuwa amevaa kanzu nyeupe tayari kwa sala ya Ijumaa, na tangu mbali aliwakaribisha kwa mikono miwili. Mguu haukuonekana kumsumbua.

"Karibuni, karibuni! Leteni chai na haluwa kwa wageni! Samahanini harufu, nachoma mifuko ya taka. Mji huu, afande, bila kuchoma utazikwa na mifuko."

"Sinywi chai," alisema Fidelis. "Jiko liko wapi?"

"Jiko?"

Ester alikuwa ameshapita. Nyuma ya banda la kuku alikuta jiko la mkaa, na juu yake, imelegea na kuning'inia ukingoni kama chapati iliyoungua, santuri nyeusi. Aliinyanyua kwa koleo, akaiweka juu ya sinia la bati. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka hadi karibu na katikati. Pembeni ya jiko palikuwa na kisu cha jikoni, ncha yake imejaa unga wa karatasi ya bluu.

"Ulianza na kisu," alisema Fidelis. "Ulitaka kuibandua karatasi peke yake, santuri ibaki. Ila karatasi hii haikubandikwa kwa gundi. Ilibanwa pamoja na plastiki kiwandani. Ndipo ukawasha moto. Na umeuwasha leo, wakati ulikuwa nayo tangu Jumatano. Ahmadi alikupigia simu saa ngapi kukwambia kwamba nimeiona video?"

Macho ya mzee yalikwenda kwa Bi Zuleha, yakarudi.

"Afande," alisema hatimaye, akajaribu kucheka. "Hili tusilikuze. Nilichukua kwa utani. Hapa kwetu watani wanachukua, na mtani hashtakiwi. Muulize bibi huyo, yeye ni mkubwa wao."

Bi Zuleha alimsogelea mpaka pua zao zikakaribiana.

"Utani? Wewe? Utani na nani?"

"Dada Zuleha..."

"Usiniite dada. Mimi ni mtani wako, na leo nakutania vizuri. Mama yako mkubwa ndiye aliyemzaa Hashimu. Ulinyonyeshwa naye titi moja mama yako alipougua. Ulijipaka unga usoni ukaenda kumkatia viuno maiti wa nduguyo, na sisi tukacheka! Mimi nilicheka, Mansuri! Nilipiga makofi!"

"Sikumdhuru mtu. Hashimu mwenyewe aliniruhusu. Miaka hamsini hakusema kitu."

"Alikuachia ule," alisema Fidelis. "Ulikula miaka hamsini. Kwa nini hukungoja hata azikwe?"

"Kesho kuna mgeni rasmi." Mansuri sasa alizungumza kwa haraka, mikono inacheza. "Ahmadi alisema ataipeleka santuri Dar wiki hii. Watu wa Dar wataipiga picha karatasi, wataiweka mitandaoni. Watoto wangu wamechapisha fulana mia mbili, afande. Wajukuu wanatembea nazo shuleni. Nitawaambia nini?"

"Na Nasra?"

"Nani?"

"Mwanamke aliyemwogesha nduguyo miaka miwili. Yuko mahabusu tangu jana kwa ajili ya hii."

"Ah, yule muuza uji." Mansuri alishusha pumzi, kana kwamba hatimaye amepewa swali jepesi. "Yule angetoka tu, afande. Ni mtu mdogo, nani angemfuatilia?"

Fidelis alitoa leso, akajifunika pua, ingawa moto ulikuwa umekwisha kuzimwa.

"Koplo, muingize garini. Nyuma. Bibi akae mbele."

*

Saa saba na dakika tano Mansuri alikuwa amekaa kwenye kile chumba chenye dirisha moja. Fidelis alikuwa amelifungua tena. Simu ya mezani ililia. Aliiacha ilie.

"Maelezo ya onyo," alisema. "Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Unajua kusoma na kuandika?"

"Mimi? Nimesoma hadi darasa la nane la mkoloni."

"Vizuri. Unayo haki ya kuandika mwenyewe. Kalamu hii hapa. Eleza ulivyoingia, ulichochukua, na kwamba Nasra Salumu hakuhusika. Halafu utambue kielelezo."

Mansuri aliandika kwa mwandiko mzuri uliolala upande. Alieleza unga, koti, sanduku lililokuwa wazi. Aliandika neno "utani" mara tatu. Fidelis alimwachia. Simu ililia tena, ikakoma. Mzee alipofika mwisho, alisukuma karatasi.

"Bado kielelezo."

"Nimeandika, santuri moja, nyeusi."

"Santuri ziko nyingi. Mahakama itataka kujua ni ipi." Fidelis alisogeza sinia la bati hadi chini ya pua yake. Harufu bado ilikuwamo. Kisu kilikuwa kimekula robo tatu ya karatasi ya bluu, lakini upande wa chini ulikuwa umenusurika, na herufi za fedha zilisomeka. "Andika kila kinachosomeka hapo. Neno kwa neno."

"Macho yangu, afande..."

"Umeandika kurasa mbili bila miwani."

Simu ililia mara ya tatu. Ester alichungulia. "Afande, ni mkuu wa kituo. Anasema amepigiwa na watu wa sherehe. Anasema mzee huyu ni mtu mzima, iandikwe kwamba ni utani wa msibani, arudishwe nyumbani mapema."

"Mwambie naandikisha kielelezo. Nikimaliza nitampigia."

Alirudisha macho mezani. Mansuri alikuwa amesikia, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kidogo. Kalamu alikuwa ameilaza.

"Ukiondoka bila kumaliza," alisema Fidelis, "maelezo haya hayana thamani, na mimi nitaanza upya. Nitaanza na watu sitini waliokuwa msibani. Nitamwita kila mmoja hapa, nitamwonyesha video, nitamuuliza anamjua nani mwenye mikono hii. Itachukua wiki nzima. Wajukuu wako watasikia kutoka kwa wenzao shuleni."

Nje, gari la mahabusu liliingia uani, likazima injini. Mlinzi alianza kuita majina.

Mansuri alichukua kalamu. Aliandika taratibu sana, tofauti na mwanzo, kama mtoto anayenakili ubaoni: *Upande A. Asia Vua Viatu. Mindu Jazz. Saksofoni, Hashimu Kibwana.*

"Saini yako chini ya hapo. Na dole gumba."

Alitia saini. Fidelis alivuta karatasi, akapuliza wino ukauke, akagonga mhuri wa kituo juu ya jina la Hashimu. Alitengeneza nakala mbili. Ndipo akanyanyua simu.

"Afande, maelezo yameshasainiwa na kugongwa mhuri. Mwanamke hana kesi, namtoa sasa hivi. La mzee utaamua wewe, jalada liko mezani kwako." Alisikiliza. "Hapana, afande. Karatasi ya mhuri siwezi kuichana." Aliweka simu chini, akaenda kwenye bomba la koridoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa sabuni, mara mbili.

Kwenye kaunta Nasra alirudishiwa vitu vyake: khanga, ndala, ufunguo wa sanduku. Fidelis alimkabidhi nakala ya maelezo. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea, mpaka mstari wa mwisho. Hapo alirudia. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Santuri yenyewe?" aliuliza.

"Imeungua. Ahmadi amesema kwa simu haitaki tena. Kesi ikiisha, njoo uichukue."

Nje dereva wa gari la mahabusu alipiga honi mara moja, akaondoka.

Kwenye benchi la kungojea, kando ya mlango wa kutokea, Mansuri alikuwa amekaa na kanzu yake nyeupe, amewekwa na polisi mmoja kungojea uamuzi wa mkuu wa kituo. Mwisho wa benchi hilo hilo alikaa Bi Zuleha, aliyekataa katakata kuondoka. Nasra hakuwa na njia nyingine ya kupita. Mansuri alimwona anakuja. Alijiweka sawa, akainua kidevu, na midomo yake ikafunguka tayari kuitikia, kama inavyofunguka ya kila mzee anapopitiwa na mtu mdogo.

Nasra alimpita.

Alisimama mbele ya Bi Zuleha, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Zuleha, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. "Marahaba! Twende nyumbani."